Kikaango Kilichotoka Msumarini

Dada yangu Darla alinipigia simu akanong'ona: "Wade, njoo Sikukuu ya Shukrani. Jaza tanki la mafuta. Safari hii siondoki kwa miguu."

Kwa miguu alishajaribu. Mumewe, Boyd, alimfuata kwa pikapu, akamburuta kwa nywele hadi nyumbani, na majirani wote wa bonde lile wakafunga mapazia.

Sasa alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa chakula. Tumshindilie Boyd bata mzinga, viazi vya kuponda vilivyozama kwenye mchuzi, pai ya maboga na pai ya njugu. Tumwache na bia zake mbele ya televisheni, mechi ikianza. Kila mwaka huwa anakoroma kabla ya mapumziko. Akikoroma tu, sisi tuko barabarani.

"Kwa nini nisimvunje taya tukamaliza?" nilimuuliza.

"Kwa sababu hutamvunja, mdogo wangu. Utamkasirisha, halafu utaondoka, nibaki naye mimi."

Nilipofika asubuhi ile nilimkuta jikoni anavunjavunja mkate wa mahindi, ule wa kujazia tumboni mwa bata mzinga. Shavu lake limevilia damu.

"Hilo la nini?"

"La bata. Nilimtoa kwenye friza mapema ayeyuke. Jana naangalia, Boyd amemrudisha ili apate pa kuweka bia. Nikamwambia hataiva. Akasema nisimfundishe." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Na sasa anataka kumkaanga mwenyewe, mzima mzima, kwenye sufuria la mafuta."

Nilimtia mkono yule bata kwenye sinki. Ngozi ilikuwa laini. Ndani, vidole vyangu viligonga barafu.

"Dada, huyu akiingia kwenye mafuta ya moto atalipuka."

"Unadhani sijui? Asipokula, halali. Asipolala, mimi sitoki. Niachie, nitamsemesha tena."

Boyd aliingia kutoka baraza ya nyuma. Kwa sababu ya manyunyu alikuwa ameliweka jiko la gesi hukohuko barazani, chini ya paa la mbao, na sufuria la mafuta juu yake linaanza kufuka moshi. Alinipiga bega kwa kiganja kizito.

"Shemeji! Mbona umekonda hivyo? Huko mjini mnakula nyasi kama mbuzi?"

"Tunakula vizuri tu."

"Leo utakula kama mwanaume. Darla, nikaangie vipande viwili vya nyama ya nguruwe, nimalizie bia hii."

Darla alifungua kabati, akatoa sufuria ndogo ya bati. Boyd akaitazama ile sufuria, kisha akatazama ukutani. Pale juu ya jiko, pale ambapo kikaango cha chuma cha mama yetu kilikuwa kinaning'inia tangu siku ya harusi yao, palikuwa na msumari mtupu.

"Kikaango kiko wapi?"

"Nimemwazima jirani, Bi Opal."

"Kikaango kile?" Boyd alicheka. "Wewe hicho hata kanisani hukukiazima walipokuomba. Na mkate huu wa mahindi umeuoka kwenye nini, kwenye kofia?"

Alitoka. Dirishani tulimwona anafunua turubai la pikapu yangu. Chini yake kulikuwa na koti la baridi la Darla, viatu vyake, na kikaango, bado kina uvuguvugu. Dada yangu angeweza kuacha nguo zote alizonazo, lakini si kile chuma ambacho mama alikipaka mafuta maisha yake yote. Alikipakia kwa siri mara nilipofika, mapema mno.

Boyd alirudi bila haraka. Alimpiga ngumi moja, Darla akaenda chini na bakuli la mkate likamwagika juu yake. Nikamrukia. Nilimpata puani, damu ikatoka, nikafurahi kwa kitambo kidogo sana. Kisha akanishika shingo, akanipitisha mlangoni hadi barazani, akanigongesha kwenye nguzo mpaka jino likavunjika mdomoni. Nilipoanguka alinipiga teke la mbavu, akainama, akachukua funguo zangu za gari na kuzitia mfukoni mwake.

"Hakuna mtu anayeondoka," alisema akihema. "Tutakaa mezani. Kila mtu atasema anashukuru nini, kama kila mwaka. Wewe dogo utashukuru kwamba uko hai."

Akaingia, akamnyanyua bata kwenye sinki, akatoka naye. Darla alimfuata akishikilia ukuta, mdomo umepasuka.

"Boyd, usimtumbukize. Ndani bado ni barafu."

"Bado tu unanifundisha?"

"Nakuomba. Zima gesi kwanza."

"Sema tena, na wewe unamfuata."

Akambwaga bata ndani ya sufuria kwa mikono miwili, makusudi, huku akimtazama mke wake usoni.

Mafuta yalinguruma, yakapanda, yakafurika hadi kwenye moto, na baraza yote ikawaka kwa pigo moja. Mkono wa Boyd ulishika moto, halafu shati, halafu ndevu. Alipiga kelele kama mnyama, akavuka ukingo wa baraza na kuangukia matopeni. Mimi nilikamata ndoo.

"Si maji!" Darla alipiga yowe. "Funga gesi!"

Nilifunga mtungi, nyusi zangu zikiungua. Yeye alikwishakimbilia pikapu yangu. Alirudi na koti lake, akamtupia Boyd, akalala juu yake, akabingirika naye hadi moshi ukakatika. Moto uliobaki barazani aliumwagia mfuko mzima wa chumvi.

Nami nilikuwa nimeshakwenda kuchukua kikaango. Nilisimama juu ya Boyd nimekiinua kwa mikono miwili, na naapa ningempasua kichwa.

"Weka chini," Darla alisema. "Hicho ni cha mama. Hakigusi uchafu huu."

Nikakiteremsha.

Aliita gari la wagonjwa, akataja barabara na nyumba kwa sauti isiyotetemeka. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya Boyd uliokuwa bado unafuka moshi, akatoa funguo. Mkono wa Boyd ambao haukuungua ulimdaka kifundo cha mkono.

"Usiniache hapa, Darla. Nakufa."

"Hufi. Wanakuja." Alimbandua kidole kimoja kimoja. "Nilikwambia ni barafu. Mara mbili nilikwambia."

Koti alimwachia.

Tulipishana na gari la wagonjwa darajani, ving'ora vinalia. Darla alikuwa anatetemeka, kwa hiyo nikawasha hita hadi mwisho. Alikuwa na kikaango mapajani na ndani yake pai ya njugu, nzima, ambayo sijui aliibeba saa ngapi. Alimega kipande kwa vidole, akanitia mdomoni upande usio na jino lililovunjika.

"Haya," alisema, "sema unashukuru nini."

Nilikuwa nalia kama mtoto, na nilitaka kurudi nikampige.

"Basi tafuna," akasema. "Mimi nitasema yetu sote."