Njia ya Kumrudisha Ruhaini

Mimi na mke wangu Ruhaini tulikuwa na duka la ushonaji mjini Baling, karibu na soko. Yeye alikata, mimi nikashona. Miaka kumi na minne tuligawana kazi hivyo, na mkasi mkubwa sikuwahi kuushika.

Walimchukua Jumanne asubuhi, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wote polisi waliovaa kiraia. Alikuwa ameinamia kitambaa cha mteja. Walichukua simu yake, na kitabu kimoja alichopewa kwenye darsa la wanawake.

"Usikiguse kitambaa hicho, Abang," akaniambia akivaa viatu, kwa jina ambalo wake wa kwetu huwaitia waume zao. "Nimeshakipima."

Sheria yetu inawaruhusu polisi kumshikilia mshukiwa wa ugaidi siku ishirini na nane bila kumfungulia mashitaka. Nilikuwa naijua vizuri. Miaka michache nyuma, bomu la mkono lilipotupwa kwenye mkahawa mmoja, nilikaa kwa Mak Temah muuza chai na kusema watu wote wakisikia, "Wawekwe ndani kwanza. Asiye na kosa atatoka." Pak Deris, rafiki yangu mwenye duka la baiskeli, aligonga meza kuniunga mkono.

Sasa nikawa nazihesabu siku hizo mwenyewe. Ya ishirini na nane nilipika wali, nikakaanga samaki, nikafagia mpaka uani. Saa kumi jioni wakili wetu, Letchumi, akapiga simu.

"Zakuan, hatoki. Wamemfungulia mashitaka leo. Ya kuwa na kitabu na picha za kundi la kigaidi."

"Basi tuombe dhamana."

"Kwa mashitaka haya hakuna dhamana. Hata kwa mwanamke, hata kwa mgonjwa. Ataingojea kesi humo humo ndani."

"Mpaka lini?"

"Mwaka. Labda miwili."

Kila baada ya wiki mbili nilisafiri kwa basi kwa muda wa saa sita nzima kwenda kwenye jela ya wanawake, tukazungumza dakika arobaini na tano kwa simu, kioo katikati yetu.

"Unakula?" alikuwa akiniuliza.

"Nakula."

"Mwongo. Shati hilo lilikuwa linakubana."

Alinifundisha kukata, akichora mabega na makwapa kwa kidole juu ya kioo. Niliporudi dukani nilijaribu, nikaharibu vitambaa vya watu. Foronya ya mto wake sikuifua miezi mitatu, kwa ajili ya harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zake, mpaka harufu ikaisha yenyewe. Wateja walinikuta nimesimamisha cherehani, nikisikiliza upande wake wa meza.

Mwaka huo nchi nzima ilibishana juu ya sheria ile. Bungeni kuliletwa pendekezo kwamba majaji waruhusiwe kutoa dhamana, na mbunge wetu akaitisha mkutano katika ukumbi wa wilaya. Letchumi alinisihi niende.

Wa kwanza kusimama alikuwa Encik Tarmizi, sajenti mstaafu anayetembea kwa mguu wa bandia.

"Aliyeniondolea mguu huu alikuwa nje kwa dhamana," akasema. "Kesi nyingine, lakini dhamana ni dhamana. Sina la zaidi." Akakaa.

Nikasimama mimi.

"Encik, bwana wangu, pole sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema kama wewe. Na leo sisemi waachiwe wote. Nasema jaji aruhusiwe kumtazama mmoja mmoja, ndipo aamue. Mke wangu hakuna jaji aliyemwuliza hata anaishi mtaa gani."

"Kila gaidi ana mume," mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Encik Tarmizi aligeuka. "Mwacheni amalize."

Lakini nilikuwa nimeshakaa. Mwezi uliofuata Bunge likaahirisha pendekezo lile hadi kikao kingine.

Mwezi wa kumi na moja tangu akamatwe, Ruhaini aliinua simu na hakuniuliza kama nakula.

"Mwendesha mashitaka anasema nikikiri, nitafungwa miaka miwili kuanzia siku niliyokamatwa. Wakiondoa theluthi kwa tabia njema, nimebakiwa na miezi mitano. Nikikataa, kesi yenyewe inaanza mwakani."

"Kitabu kile ulikisoma?"

"Unanijua. Nikifungua kitabu nasinzia. Na zile picha zilitumwa na mtu kwenye kundi la darsa, sikuzitazama."

"Basi huna kosa."

"Najua sina kosa. Nakuuliza wewe, nifanye nini?"

Letchumi alikuwa ameniambia kesi tunaweza kuishinda. Nilijua jibu ambalo ningejivunia baadaye. Lakini nilimtazama shingo yake jinsi ilivyokonda, na mikono yangu ilikuwa imechoka kugusa kioo.

"Rudi nyumbani," nikasema.

Alihamishia simu sikio la pili.

"Nilitaka uniambie nivumilie," akasema. "Halafu nikukatalie mimi."

Alikiri. Baada ya miezi mitano nilimpokea langoni, tukapanda basi, akalala begani kwangu safari nzima.

Siku za mwanzo alisimama mbele ya mlango wa bafu akingoja kuruhusiwa. Dukani alikata tena, taratibu, lakini wateja wengine walikuwa wameshahamia kwingine. Siku moja nilikwenda kwa Mak Temah. Pak Deris alinisogezea kiti.

"Tulikuwa tunakutetea hapa, Zakuan," akasema, na hakuwa na nia mbaya. "Lakini si alikiri mwenyewe?"

"Mimi ndiye niliyemwambia akiri."

"Kwa nini umwambie mtu asiye na kosa akiri?"

"Nilikuwa na hamu naye," nikasema. "Hamu ilinishinda."

Alikoroga chai yake.

Sasa pendekezo limerudi bungeni, na kuna mkutano mwingine Alhamisi. Letchumi alitaka Ruhaini ndiye azungumze. Ruhaini alitikisa kichwa.

"Mimi ni mtu aliyekiri. Nani atanisikiliza? Nenda wewe, Abang."

Nitakwenda. Nimemwomba aje tu akae karibu yangu, asiseme neno. Bado hajanijibu.