Nyuma ya Kioo

Mkataji vitambaa alitolewa ndani ya duka la ushonaji lililokuwa likiungua, akikohoa, nyusi zimeungua. Msumari, askari wa zimamoto, alimkamata mabega.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Nyuma ya kioo," alisema mkataji, kikohozi kikamziba.

Aliyewahi kushonesha nguo pale alikijua kioo kikubwa cha juu ya ngazi, ambapo wateja walijigeuza kama tausi. Msumari alivaa barakoa, akachukua kamera ya joto, akapanda. Sajini, mkuu wake, alimfuata, mkono begani mwake, maana katika moshi ule hata kidole chako hukukiona.

"Taratibu, mwanangu. Mwenda pole hajikwai."

"Dada yangu yumo motoni, mzee, nawe unaniletea methali!"

Kamera ile haihitaji mwanga. Kila chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa jicho. Mionzi hiyo hupita kwenye moshi, na kamera huigeuza picha. Cha moto huwa cheupe, cha baridi huwa cheusi.

Walikifikia kioo. Msumari akakipapasa, akakitikisa, akaking'oa. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

Dari lililia juu yao.

"Hewa ya mitungi inakwisha," alisema Sajini. "Tazama ukumbini, kisha turudi."

Msumari alielekeza kamera mwisho wa ukumbi. Pale alisimama mtu mweupe.

"Yule pale! Mzima!"

"Mwambie ainame."

Msumari alipunga mkono. Mtu yule naye akapunga. Akainama kumwonyesha, naye akainama. Akasogea, naye akasogea.

"Wako wawili, mzee. Kuna mwingine nyuma yake, amemshika bega. Ana tumbo."

Sajini akaichungulia kamera.

"Huyo mwenye tumbo ni mimi."

Msumari hakuelewa.

"Mbele yetu pana kioo, mwanangu. Mionzi ya joto haipenyi kioo, inagonga na kurudi. Tunajitazama wenyewe. Twende, hayupo."

Kipande cha dari kilianguka nyuma yao, cheche zikaruka. Sajini akamvuta mkanda. Msumari hakusogea. Kioo. Mkataji alisema kioo, na yeye akaenda kwenye kile cha kujitazamia. Lakini hata hiki cha kuona ng'ambo, jina lake ni hilo hilo.

"Mzee, kamera haioni nyuma yake! Hatujatazama nyuma yake!"

"Msumari, dari linakuja!"

Alikwisha kukifikia, shoka juu. Kioo kikamwagika miguuni pao, na picha ikabadilika: chumba cha kupigia pasi, pasi mezani nyeupe kama jua, na chini ya meza kitu cha kijivu kilichojikunja.

"Rundo la nguo hilo," alisema Sajini.

"Nguo hazina vidole, mzee."

Walimburuta, Msumari akishika kwapani, Sajini miguuni, dari likianguka vipande vipande walipopita. Kwenye ngazi kichwa chake kiliegemea upande, kizito, na Msumari hakuthubutu kumtazama. Nje, Sajini alimvalisha barakoa ya hewa. Kifua kilitulia. Kikazidi kutulia. Kisha kikaruka, akakohoa masizi, akafumbua macho.

"Unaniburuta kama gunia la mkaa," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, dada," alisema Msumari, akiivua barakoa yake.

"Marahaba. Sasa niinue vizuri."