Mguu wa Kushoto wa Suruali

Suruali niliyomshonea mwanangu ilifunika vidole vya mguu wa kushoto. Upande wa kulia ilikaa sawa kifundoni.

Mama mkwe, ambaye ndiye aliyenifundisha cherehani, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Fundi gani wewe? Ulikata umefumba macho?"

Nikafumua upindo, nikapunguza kushoto. Nikashona ya pili, ikawa vilevile. Nikapunguza. Ya tatu niliipima mara mbili kabla ya kukata na mara mbili baada ya kushona. Mezani miguu yake ililingana. Mwilini mwa Bobini, kama tulivyomwita mtoto kwa unene wake, mithili ya bobini iliyojaa uzi, kushoto kulizidi upana wa kidole.

Siku hiyo nikamlaza kifudifudi. Paja la kulia lilikuwa na mikunjo miwili, la kushoto mitatu. Nilipombadilisha nepi, mguu wa kulia ulilala kando bila shida. Wa kushoto uligoma. Wala hakulia, na mtoto asiyelia nani atakuamini kwamba ana tatizo?

"Mama, huu mguu..."

"Unataka kunyooshwa tu. Lete shuka." Akamfunga miguu pamoja, imenyooka, akakaza. "Mumeo nilimfunga hivihivi. Ana matege?"

Mimi niliishia darasa la tano. Yeye amelea saba. Nikarudi kwenye cherehani.

Bobini alipofika miezi mitatu tukampeleka kliniki. Nesi akampima uzito. "Anaongezeka vizuri. Anayefuata!"

Miguu yangu haikusogea.

"Dada, umeganda?" akauliza mwanamke nyuma yangu. Mwingine akasonya. Mama mkwe akanishika kiwiko. "Twende, usituaibishe."

Nikatoa zile suruali tatu mkobani, nikazitandaza juu ya mizani.

"Hapa si kwa fundi, mama," nesi akasema, na foleni nzima ikacheka.

"Hazikuwa na kosa." Nikamgusa Bobini mguu wa kushoto. "Mguu ndio mfupi."

Nesi akanitazama. Akamvua Bobini nepi, akampinda magoti, akayaweka pamoja. La kushoto lilikuwa chini. Akaacha foleni, akatupeleka kwa daktari mwenyewe.

Picha ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa kwenye kikombe cha nyonga. "Mngesubiri mpaka aanze kutembea, angepigwa kisu," daktari akasema. "Sasa tutajaribu mikanda ya kutanua miguu. Lakini nani anamfunga miguu ikinyooka? Hiyo inaichomoa nyonga."

Mama mkwe akalikunja shuka mkononi.

"Tunamfunga," nikasema.

Bobini alivaa mikanda miezi mitatu, miguu imepanuka kama chura. Mama mkwe alimshonea suruali pana kama magunia. Kwenye benchi la kliniki hamwachi mtu: "Wewe, mlegeze huyo mtoto! Umehesabu mikunjo ya mapaja? Mkwe wangu aliona mapema, ana macho ya fundi."

Leo tunasubiri picha ya mwisho. Mlango bado umefungwa. Mama mmoja kijana amefungua shuka la mwanawe, akaniuliza, "Ulijuaje mapema hivyo?"

Mama mkwe amegeuka, anangoja nisifiwe.

"Sikusema mapema," nimemjibu. "Niliona akiwa na wiki tatu. Nilijua suruali haina kosa. Nilikuwa naipunguza ili nisilazimike kusema."