Maoni ya Bwana Entwistle Ukutani

Jumanne moja ya Novemba, saa kumi na nusu alasiri, Beryl Entwistle alikuwa akianika soksi za mumewe juu ya hita ya chumbani alipoona kwamba ile kuvu nyeusi ya juu ya kitanda imeandika sentensi. Akavaa miwani. Sentensi ilisema: *Mtu anayetia maziwa kikombeni kabla ya chai hana adabu.* Akamaliza kuanika soksi, kisha akamgusa bega mumewe aliyekuwa ameegemea mito mitatu, akamwonyesha kwa kidole.

Clifford alisoma, akavuta pumzi mara mbili ili apate ya kusemea.

"Mwandiko wangu," akasema.

"Naona. Hiyo 'm' yako kama imetoka kilabuni."

"Na ni kweli."

Basi wakanywa chai.

Clifford alikuwa ameendesha basi mjini Burnley kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuna jambo lililopita mbele yake likakosa maoni. Alikuwa na maoni juu ya abiria wanaosimama kabla basi halijasimama. Alikuwa na maoni juu ya watu maarufu wanaofundishwa kucheza dansi kwenye televisheni, ilhali hakuna aliyewahi kuwasikia kabla ya hapo; juu ya mashindano ya keki ambamo watu wazima hulia kwa sababu unga haukuumuka; juu ya matangazo ya bima ya mazishi yanayorushwa mchana, wazee wakiwa macho. Gilasi ikianguka baa na watu wakashangilia, Clifford aliweka yake mezani akatoka nje. Kilabuni walimtengea meza ya peke yake, naye akawa na maoni juu ya meza.

Sigara alikuwa ameziacha, ila zenyewe hazikumwacha. Mapafu yalichakaa mpaka akabaki na pumzi ya maneno mawili matatu kwa mkupuo. Maoni hayakupungua. Yale yaliyoshindwa kutoka kwa njia ya mdomo yalitoka na pumzi, yakatua kwenye ukuta wa baridi juu ya kitanda, yakajiandika. Ukuta wenyewe ulikuwa na maji siku zote, kwa sababu mfereji wa paani ulikatika pembeni, na kila tone lililokusudiwa kwenda barabarani liliteremka kwenye matofali ya chumba chao. Huu ulikuwa msimu wa baridi wa tatu.

Nasreen wa nyumba ya pili alipoleta supu ya kuku aliusoma ukuta huku bakuli likiwa mkononi.

"Wako afadhali, anti Beryl," akasema. "Anazungumzia televisheni. Kwangu ukuta unaandika Kiurdu, mwandiko wa mama mkwe, na habari zote ni za mapishi yangu. Leo asubuhi umeandika kwamba dengu zangu ni za hospitali."

"Pole."

"Si uongo. Lakini ndiyo uandikwe?"

Daktari alikuwa amesema waziwazi: mapafu yale hayataki unyevu hata kidogo, msimu mwingine katika chumba kile, yeye daktari hatakuwa na la kufanya. Kwa hiyo Beryl alikuwa akipiga simu kwenye shirika lenye nyumba zao. Alisubiri na muziki wa kusubiria, simu ikachukuliwa, naye akaanza kama alivyolelewa kuanza: "Samahani sana kukusumbua, mpenzi." Kisha akaeleza habari za mfereji, akashukuru, akaomba radhi tena kwa kuchukua muda wao, akakata.

Wiki moja kabla ya Krismasi shirika lilimtuma Bwana Pickersgill, ofisa wa wapangaji, mtu msafi mwenye kipima unyevu cha mkononi. Alikibandika ukutani, kikalia kama kifaranga. Akafunga mikono nyuma, akausoma ukuta wote toka juu hadi chini, bila haraka, mara moja akitabasamu.

"Hapa kwenye chai sikubaliani naye," akasema.

"Huwa anasema hivyo tu," Beryl akajibu. "Samahani."

"Kwenye simu za kelele ndani ya treni, hapo kanena. Sasa, Bi. Entwistle, hii ni kuvu ya tabia. Unaanika nguo ndani?"

"Nje kuna mvua."

"Sufuria unafunika?"

"Nikikumbuka."

"Na humu ndani mnapumua?"

Beryl akamtazama mumewe. "Mimi zaidi. Yeye anajitahidi."

Bwana Pickersgill akaandika. Kwenye mstari wa *Tabia mbaya* alijaza: soksi, sufuria, kupumua madirisha yakiwa yamefungwa. Clifford kitandani alifungua mdomo, akaufunga, na juu ya kichwa chake herufi zikaanza kujitokeza polepole: *Watu wenye fomu.*

"Bwana Pickersgill, samahani, na ule mfereji?" Beryl akauliza. "Nimepiga simu miaka mitatu."

"Ndiyo, faili lako ninalo. Simu arobaini na moja." Akaligeuza alione. "Zote zimeingizwa kwenye kundi la kuomba radhi. Tazama: 'Mpangaji ameomba radhi.' 'Mpangaji ameomba radhi.' Hapa Machi umeomba mara mbili kwa siku moja. Na ofisi imekujibu zote: umesamehewa."

"Nilikuwa naeleza habari za maji."

"Baada ya kuomba radhi. Karani husikiliza sentensi ya kwanza, Bi. Entwistle, foleni ni ndefu." Alikuwa mpole kabisa. "Paka jiki. Fungua dirisha. Mtaona tofauti."

Akaondoka, na pale mlangoni Beryl, Mungu ambariki, akamwomba radhi kwa matope ya njiani.

Akanunua jiki. Kesho yake alivaa glavu, akafungua dirisha kwenye baridi ya kukata masikio, akaanzia pembeni, mahali palipoandikwa habari za dansi ya watu maarufu. Kuvu ilitoka vizuri. Jumamosi ilipofika wakawasha televisheni kama kawaida, wachezaji wakaingia wamevaa nguo za kumetameta, na Beryl akasubiri kusikia mumewe akiguna. Clifford alitazama mpaka mwisho, mikono juu ya blanketi.

"Wazuri," akasema.

Beryl akageuka kumtazama. Alikuwa akitabasamu tabasamu la mgeni, la mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba asiyoijua. Beryl akachukua penseli ya orodha ya dukani, akapanda juu ya kitanda na viatu vyake vya ndani, akajaribu kuandika upya pale alipofuta: *Hakuna anayewajua hawa.* Ukuta ulikuwa umelowa. Penseli iliteleza, haikuacha hata alama. Akabonyeza mpaka ncha ikavunjika na plasta ikadondoka kwenye mto.

Bandu bandu humaliza gogo. Angefuta mstari mmoja leo na mwingine kesho, na ukuta ungekuwa mweupe kama shirika linavyotaka, na kitandani angebaki mzee mpole asiye na neno, ambaye yeye Beryl hakuolewa naye. Asipofuta, kuvu ile ile ingeshuka kifuani mwa mumewe na kummaliza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jiki mkono huu, kitambaa mkono huu, akalia kwa hasira ya kutojua amkasirikie nani.

Akaamua kugomba. Alijifunza mbele ya kioo cha bafuni, asubuhi tatu mfululizo. "Nina hasira," alikiambia kioo. "Mume wangu anakufa. Leteni fundi." Asubuhi ya nne akapiga simu, akasubiri muda wa kuchemka viazi na kupoa, na sauti ya msichana ikasema, "Halo, nikusaidie nini?"

"Samahani," alisema Beryl.

Akasikia kibodi ikigongwa. Akaweka mkono mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na upande wa pili msichana akamwambia kwa upole kwamba haina shida hata kidogo, akamtakia siku njema, akakata. Hiyo ilikuwa ya arobaini na mbili.

Januari mvua haikukatika. Ukuta ulijaa, maandishi yakapanda darini, yakazunguka taa. *Wanaoacha toroli katikati ya njia supamaketini. Wanaosema "tuonane karibuni" na hawana nia. Biskuti inayokatikia ndani ya chai: kosa la kiwanda, si la mnywaji. Msichana wa hali ya hewa anayeita mafuriko manyunyu.* Kila mstari ulipoongezeka, Clifford alipungukiwa. Kutoka maneno matatu akafika mawili, kutoka mawili moja, na mwisho alikuwa akiomba maji kwa kuinua kidole. Beryl aliusoma ukuta kila asubuhi kama watu wanavyosoma gazeti. Alikuwa akitafuta jina lake. Hakulikuta, na alijiambia kwamba ukuta ule ni wa kero tu, kwamba kukosekana pale ni sifa. Hata hivyo aliendelea kutafuta.

Clifford alifariki Februari, saa tisa na dakika kumi mchana, katikati ya tangazo la bima ya mazishi.

Hospitali iliandika sababu ya kifo: mapafu. Shirika lilileta barua ya rambirambi, na aya ya pili ilieleza kwamba kwa kuwa idadi ya wanaopumua katika nyumba hiyo imepungua kwa nusu, tatizo la unyevu linatarajiwa kupungua kwa kiwango hicho hicho. Nasreen aliisoma barua mara mbili.

"Anti, hawa watu wana mama kweli?"

"Wameandika vizuri," Beryl akasema.

Siku ya pili baada ya maziko mvua ilinyesha, na ukuta ukaandika. Uliandika kwamba tango la kwenye mikate ya msibani lilikuwa maji matupu, na kwamba mchungaji alimtaja marehemu mara mbili kwa jina la Clive. Beryl alivuta kiti. Alisoma, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, akamjibu kwamba tango lilikuwa la Doris, aliyeandaa mikate hiyo, na hawezi kumwambia Doris kitu. Ukuta ukaandika juu ya Doris.

Siku za ukavu ulinyamaza. Kukipita siku nne bila mvua, herufi zilikauka, zikawa vumbi pembeni, na nyumba ikawa kimya cha kutisha. Beryl alifunga madirisha yote, akachemsha sufuria bila kifuniko, akaanika mashuka chumbani, akakaa katikati ya mvuke ule akipumua kwa nguvu zake zote kuelekea ukutani. Machi alianza kukohoa.

Alipolisogeza kabati ili ukuta upate nafasi, alikuta nyuma yake mstari wa zamani, wa mwandiko ule ule, ulioandikwa labda tangu msimu wa kwanza: *Beryl kuomba radhi kwa watu wasiostahili.* Alipiga magoti mbele yake. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akalirudisha kabati taratibu, asije akaukwangua.

Fundi wa shirika alikuja Aprili, wakati hakuna tena aliyemwita. Aliitwa Sowerby, mtu mzima mwenye magoti mabovu, na alikuwa ameshaegemeza ngazi na kupanda vipago vitatu Beryl alipotoka.

"Shuka," Beryl akasema.

"Nimekuja kutengeneza mfereji, mama."

"Mfereji ni mzima."

"Unanivujia hapa hapa begani."

"Hiyo ni mvua."

Sowerby alitazama juu kwenye pengo lililomwaga maji kama bomba, akamtazama mama mwenye kanzu ya ndani na kifua kinachokwaruza, akashuka. Akaomba kuona chumba, kwa kuwa fomu ilitaka aone chumba. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasoma kidogo.

"Mumeo?"

"Ndiyo."

"Kwa mama yangu ilikuwa jikoni," akasema. "Tukapaka rangi. Rangi nzuri, ya bei."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ukuta mweupe." Akaipapasa kofia. "Sikiliza, mama. Ukikataa leo, faili linafungwa. Hawaji tena. Na hicho kikohozi ninakisikia tangu mlangoni."

"Nakisikia pia."

"Nitengeneze tu, mama. Kazi ya nusu saa."

Nje maji yalikuwa yakishuka kwenye matofali, na juu ya kitanda herufi mpya zilikuwa zikianza kutoa vichwa. Beryl alizitazama jinsi mtu anavyotazama sufuria iliyo karibu kuchemka. Sowerby akatoa fomu, akaandika kwa herufi kubwa, *Mpangaji amekataa matengenezo,* akamwonyesha pa kutia sahihi.

Beryl alikaa ukingoni mwa kitanda, akaiweka fomu juu ya goti. Alisoma, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Kisha akafuta mwanzo wa neno la kwanza na mwanzo wa neno la pili, akaandika juu yake polepole, mpaka ikasomeka: *Wapangaji wamekataa matengenezo.*

"Hapo chini pana nafasi ya sahihi moja tu," Sowerby akasema.

"Itatosha," alisema Beryl, akatia sahihi, akamrudishia kalamu yake.