Njia ya Papa Lwaboshi

Papa Lwaboshi alikuwa haoni, lakini kila asubuhi alikwenda kanisani bila kushikwa mkono. Majirani ndio waliokuwa macho yake. Goreth, akikaanga mandasi, alimwita, "Papa, pinda kuume!" Mbele kidogo fundi viatu Cyrille alidakia, "Kuja, papa, njia iko sawa!" Hivyo ndivyo alivyoishi Lilongwe tangu binti yake Espérance, mshonaji, alipomtoa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Kisha watu wa reli wakaja. Njia ya zamani ya reli ingepanuliwa, na nyumba zilizopigwa alama ya rangi nyekundu zingebomolewa. Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji waliambiwa wahame. Goreth alipakia masufuria yake kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akaondoka akilia. Cyrille alirudi Dzaleka. Nyumba alimopanga Espérance haikuwekwa alama. Alimshukuru Mungu, kisha akaona haya kwa shukrani hiyo.

"Papa, usitoke peke yako," alionya. "Bantu banaisha kwenda. Bale ba mashine banachimba mitaro."

"Mi najua njia."

"Njia njo ile balibomoa, papa!"

Mzee alirudi kukaa kwenye kiti chake mlangoni, kama mtoto aliyegombezwa.

Siku zilizofuata alishinda mlangoni, akisikiliza magreda. Asubuhi moja Espérance alikwenda bombani, na foleni ikamchelewesha. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alikimbia akiita, lakini mngurumo ulimeza sauti yake. Vibarua walimkuta mzee chini ya mtaro, kifudifudi, uso ndani ya maji ya tope. Hakuwa na pumzi.

Msimamizi alivua kofia. "Pepani, amayi," alimpa pole kwa Kichewa, kisha akauliza kwa nini mtu asiyeona aliachwa atembee ovyo.

"Hakukuwa anatembea ovyo," Espérance alimjibu kwa Kiswahili. "Mulifukuza bantu benye banamuonesha njia."

Msimamizi hakuelewa hata neno moja. Akatikisa kichwa kwa upole, akarudi kazini.

Walimzika Dzaleka. Cyrille alichimba kaburi. Goreth hakuja, simu yake haikupatikana. Espérance alibaki kambini, akarudi mjini mara moja tu, kuchukua cherehani na godoro. Chumbani mwake alimkuta tayari mpangaji mpya, mama anayewapikia nsima wafanyakazi wa reli. Mama huyo hakujua lolote. Alimsaidia kubeba cherehani mpaka barabarani, akamtakia safari njema.