Afande Haogi Akiwa Zamu

Mzee wa chumba cha sita alikuwa trafiki kwa miaka thelathini na moja. Maradhi ya kusahau yalimnyang'anya hata majina ya wanawe, lakini kazi yake yalishindwa kuibeba. Kila asubuhi alisimama pale korido mbili za nyumba yetu ya wazee zinapokutana, kifua mbele, akiongoza viti vya magurudumu. Toroli la chai alilisimamisha mara tatu kwa kosa la mwendo kasi.

Hilo halikutusumbua. Shida ilikuwa kuoga. Mpango wake wa matunzo, ambao mtu aliunakili neno kwa neno kutoka ule wa bibi wa chumba cha tano, ulisema: "Aogeshwe saa nne." Saa nne ikifika, mimi muuguzi wake namshika mkono.

"Afande haogi akiwa zamu," ananijibu. "Na wewe, leseni yako iko wapi?"

Siku ya tisa, hata nzi walikuwa wakimpisha njia.

Nikampigia simu binti yake. Akaja, tukaketi kuandika mpango mpya, wa mzee mwenyewe: anapenda nini, anachukia nini, zamani alikuwa akiishije.

"Baba hakuwahi kuacha njia panda bila kupokelewa," binti alisema. "Mwenzake akichelewa, hata mvua inyeshe ya mawe, hang'oki."

"Basi apokelewe," nikasema, na nikaandika hivyo hivyo.

Mwanamume mwenye sare siku hiyo alikuwa mpishi peke yake. Akaja na aproni yake, akapiga saluti, mwiko mkononi.

"Afande, nimekuja kukupokea!"

Mzee akamkagua kuanzia kofia hadi ndala. "Umechelewa. Haya, kaza macho. Hawa wazee wanaendesha ovyo."

Akaenda bafuni mwenyewe, akiimba. Binti akacheka mpaka machozi; kicheko kikaisha, machozi yakabaki kidogo.

Kumbe wazee wengine walishazoea kuongozwa. Mpishi alipojaribu kuondoka, viti sita vilisimama tuli.

"Nani anatuvusha?" bibi mmoja akafoka.

Mpishi alikwama pale nusu saa, na maharagwe yakaungua jikoni.

Mzee alikuja mezani ananukia sabuni, akala sahani mbili za maharagwe yaliyoungua bila kulalamika.

"Hapa mna mpishi hodari," aliniambia. "Lakini yule trafiki mpya, mwanangu, mrudisheni chuoni."