Betri Inayolala Jikoni

Kuanzia theluji ya kwanza hadi Machi, betri ya gari letu hulala jikoni kwangu, kati ya pipa la kabichi na jiko, imebanwa nyaya za chaja. Mume wangu, Krastyo, huipandisha jioni hadi ghorofa ya tatu, asubuhi akaishusha. Mtaa mzima hapa Smolyan, mjini kwetu milimani, wanaume hufanya hivyo, eti baridi huua betri. Nimelalamika mpaka nimechoka.

Siku ile tulikuwa tunakwenda mji wa Plovdiv, ng'ambo ya mlima, kumchukua binti yetu Nevena hospitalini, yeye na mtoto wake mchanga. Mkwe wetu Yasen ana gari jipya, tena alijitolea. Krastyo akakataa katakata. Alisema Nevena mwenyewe alipozaliwa aliletwa nyumbani kwa gari letu, na mjukuu ataletwa na hilohilo. Ukweli ni kwamba siku ya harusi Yasen alisema, mbele ya wageni, kwamba gari lile ni la kuuzwa kama chuma chakavu, na tangu hapo Krastyo hamsemeshi. Mtu mzima na mvi zake, jamani, ananuna kwa ajili ya bati.

Asubuhi aligusisha ncha za mita ya umeme kwenye betri palepale jikoni, akaniita nione. Volti kumi na mbili nukta saba.

"Unaiona? Nzima kuliko wewe," akasema, akacheka.

Akaifunika koti lake la zamani, akashuka nayo, na gari likawaka mara moja.

Ningenyamaza. Lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na mlima wa Rozhen tungeuvuka taa zimewashwa, hita imewashwa, vifuta kioo vinahangaika, halafu kurudi gizani na kichanga. Nikamwambia apime tena, injini ikiwa inanguruma. Akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi. Nikamjibu tangu nilipoanza kulala nyumba moja na betri. Akachukua mita ili anikomeshe, mimi nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga mafuta.

Injini ikinguruma, mita inatakiwa ipande karibu na kumi na nne. Hilo kila mtu mtaani kwetu analijua. Yetu ilisoma kumi na mbili na kidogo. Nikawasha taa, ikashuka. Nikawasha hita, ikashuka tena, kumi na moja na kitu, na mwanga wa taa ukafifia ukutani. Krastyo akafuta ncha za mita kwa kitambaa, akapima upya. Akapima tena. Mita haikumhurumia.

Altaneta, ile mashine inayochaji betri gari likiwa linatembea, ilikuwa imekufa, na hatukujua imekufa lini, maana taa yake ya onyo iliungua zamani. Kila jioni tulikuwa tunaijaza betri jikoni, asubuhi yeye anakwenda sokoni na kurudi, akijisifu anavyojua kutunza gari. Kule mlimani lingetuzimikia katikati ya kona, kwenye theluji, na mtoto wa siku nne. Hasira zikanipanda, nikataka kumpa zake zote, ila nilipomtazama usoni zikaniisha.

Alikuja akakaa kiti cha abiria. Nilidhani atasema twende hivyohivyo, kwa hiyo nikazima injini, nikachomoa ufunguo, nikaufumbata. Badala yake akaomba simu yangu. Namba ya Yasen yeye hana.

"Yasen, ni mimi. Walete wewe."

Nilimsikia kijana wa watu akiuliza kwa wasiwasi kama baba anaumwa.

"Siumwi. Gari langu bovu." Akaibana simu sikioni. "Wafunike vizuri, mwanangu. Na usikimbize gari."

Akanirudishia simu, akabaki kutazama mbele, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Nilimwonea huruma, nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka vioo vikaingia ukungu.